3.68: siku nilipochemsha mayai ya mama mdogo

Wakuu, hii nilishaapa sitaiandika maana inaniaibisha, ila juzi dogo mmoja wa hapa mtaani kaniletea saketi yake ya opampu (IC, yani chipu, ya kukuza au kulinganisha volti) analalamika, "bro inatoa volti za ajabu, hii IC feki", nikacheka mpaka akanuna. Sikuwa namcheka yeye. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, nikatupa IC tatu nzima kabisa kwenye ndoo ya taka, na trei ya mayai ya watu ikaenda na maji.

Iko hivi. Mama mdogo wangu anakaa Nkuhungu, anafuga kuku wa kienyeji, na kilio chake ni kwamba tetea wanaatamia wanavyotaka wenyewe. Siku moja mwezi wa sita, ile baridi ya Dodoma ya asubuhi inayokufanya uogope maji, akaniambia mwanangu si wewe ndo umesomea mambo ya umeme, hebu nitengenezee mashine ya kutotolesha, hizi za dukani bei zake mi siziwezi. Nikakubali palepale, hata chai sijamaliza.

Boksi tulipata bodi la friji lililokufa, safi kabisa, maana lile halipotezi joto. Ndani nikaweka balbu mbili za wati 60, zile za zamani za waya (LED hazitoi joto la maana, usijaribu), feni ndogo ya kompyuta ya kuzungusha hewa, na bakuli la maji kwa ajili ya unyevu, na kwa hewa yetu hii kavu usipoweka maji umekausha mayai. Kazi iliyobaki ni moja tu, joto likifika nyuzi 37.5 balbu zizime, likishuka ziwake.

Hapo ndo nikajifanya fundi. Ningeweza kununua kontrola ya kidijitali iliyokamilika, zipo, lakini nikasema hapana, nitaijenga mwenyewe kama tulivyofundishwa. Sensa LM35, inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja, kwahiyo nyuzi 37.5 ni volti 0.375. Ndogo sana, nikasema niikuze mara kumi iwe 3.75 ili iwe rahisi kuiseti. IC nikachukua LM358, ndani yake kuna opampu mbili, ya kwanza ikuze, ya pili ilinganishe na volti ninayoiseti kwa volyumu (rizista ya kuzungusha), halafu transista, halafu rilei, ile swichi ya umeme inayowasha na kuzima balbu. Umeme wa saketi nzima chaja ya simu, volti 5. Gharama ndogo, nimejisifu moyoni.

Geini (yani inakuza mara ngapi) ya opampu ya aina ile isiyogeuza ni moja jumlisha rizista ya juu gawanya kwa ya chini. Chini niliweka kilo-omu 1, juu nilitaka 9 ambayo haipo dukani, nikaunga 8.2 na omu 820 zikafuatana, jumla 9.02, geini 10.02. Hesabu nzuri kabisa. Nikajaribu mezani, chumbani kulikuwa na kama nyuzi 24, mita inasoma 2.41. Nikaseti volyumu kwenye 3.0, nikaishika sensa kwa vidole viwili, volti zikapanda, 2.7, 2.9, 3.0, rilei ikalia TAK, ikazima. Nikaachia, ikashuka, TAK. Nilikuwa naibonyeza ile sensa kama mtoto kapata toi.

Angalia hapo nilipojikwaa, maana nililiona baadaye sana. Nilijaribu kwenye 3.0. Sikujaribu kwenye 3.75. Kidole cha binadamu kwenye baridi ya mwezi wa sita hakiwezi kufikisha sensa nyuzi 37 na nusu, kwahiyo nikajaribu pale kidole kinapofika nikasema inafanya kazi.

Jioni nikaifunga Nkuhungu, nikaseti volyumu 3.75 kwa mita, tukaiwasha tupu kama masaa mawili, ikapanda polepole mpaka 35, nikasema sawa, itajitafuta yenyewe. Mama mdogo akapanga mayai 30 aliyokuwa anayadunduliza, hadi alama ya kalamu kaweka kila yai. Mi nikaenda zangu kulala.

Saa kumi na moja alfajiri simu. "Mwanangu, hii mashine yako mbona ndani kama tanuri, na hizi taa toka jana hazijazima hata mara moja." Nikamwambia chomoa haraka. Nilipofika kipimajoto cha ndani bado kinasoma 44, na hapo alishafungua mlango. Hakunigombeza. Alichukua yai moja akalipasua kwenye sahani, akaliangalia, akaniangalia. Bora angegombeza.

Nikabeba bodi ya saketi nikarudi nayo. Mezani nikasogeza ncha ya pasi ya kulehemu karibu na sensa, bila kugusa, nikawa naangalia mita kwenye mguu wa 1 ambao ndo mguu wa kutolea wa opampu ya kwanza. 3.2. 3.4. 3.6. 3.68. Halafu kimya. Nasogeza pasi karibu zaidi, 3.68. Sensa inaungua karibu, 3.68. Kama gari limefika kwenye geti.

Na mimi volyumu nimeseti 3.75! Maana yake opampu ya pili inangoja kitu ambacho hakiji milele, kwake joto bado halijafika, endelea kuwasha, endelea kuwasha, mpaka mayai yaive.

Sasa swali, kwanini 3.68? Jibu langu la kwanza, kama la dogo, IC feki. Nikachukua bodaboda hadi mjini, nikanunua LM358 tatu buku buku, nikachomeka ya kwanza, 3.71. Ya pili 3.66. Ya tatu 3.69. Hapo mtu mwenye akili timamu angejiuliza, inakuwaje IC nne zinaharibika kwa namna moja na zote zinagota sehemu ileile? Mi nikahitimisha kwamba duka zima ni feki. Zikaenda kwenye ndoo zote tatu, ile ya mwanzo nikairudisha kwenye soketi kwa kukosa nyingine.

Nikahamia kwenye rizista. Nikazichomoa nikapima moja moja, ziko sahihi. (Hili ni la kuangalia kweli lakini, chini ya mwanga wa balbu rangi ya kahawia, nyekundu na chungwa zinafanana kama watoto wa baba mmoja, na rizista za mistari mitano zinachanganya zaidi, usisome rangi, pima.) Nikashuku mita, maana hizi mita za njano za bei rahisi betri yake ikiisha nguvu zinaanza kudanganya kwa kuzidisha volti, nikaazima nyingine, 3.68. Nikashuku waya wa sensa, ulikuwa mrefu kama mita moja na nusu na LM35 haipendi waya mrefu, inaweza kuanza kutetemeka yenyewe, nikaweka rizista ya omu 75 na kapasita ya maikrofaradi 1 zikifuatana kutoka mguu wake wa kutolea kwenda graundi (upande wa sifuri) kama datashiti, yani maelezo ya mtengenezaji, inavyosema. Vizuri, bado 3.68.

Siku mbili hizo. Siku ya tatu nikaweka bodi kwenye mfuko wa rambo nikaenda Majengo, kuna mzee mmoja anatengeneza redio na sabufa toka mi sijazaliwa, kibanda chake kimejaa spika mpaka mlangoni. Nikamkuta anakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu, karibu. Umeleta sabufa?"

Nikamwambia sina sabufa, nina opampu imegoma kupanda. Nikaanza kumwelezea mambo ya geini, akaninyamazisha kwa mkono. Hakuuliza geini. Aliuliza, "Hii unailisha volti ngapi?" Nikasema tano. Akapima mwenyewe mguu wa 8 na wa 4, ambayo ndo miguu ya umeme, 5.04. Akaniambia pasha hiyo sensa yako. Nikapasha kwa pasi yake. Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona mtu akifanya, na nina cheti: waya mweusi wa mita akauweka mguu wa 2, mwekundu mguu wa 3, yani akapima kati ya ingizo na ingizo, sio kwenda graundi. Milivolti 34.

"Hapa," akasema, "ikiwa inafanya kazi inatakiwa pasomeke sifuri au karibu yake. Ukiona pana tofauti namna hii, jua imeelemewa. Haijafa. Umeibebesha."

Wakuu, nilisimama pale kama nguzo ya TANESCO. Kanuni hiyo naijua! Naiandika kwenye mtihani usingizini, opampu yenye fidbaki (inachotoa kinarudishwa kwenye ingizo) inajitahidi kufanya ingizo zake mbili zilingane. Ila sijawahi kuigeuza upande wa pili, kwamba kama ingizo hazilingani basi opampu imeshindwa kujitahidi. Hesabu zenyewe zinakubali: mguu wa 3 ulikuwa na 0.402 kutoka kwenye sensa, mguu wa 2 ulikuwa 3.68 gawanya kwa kumi, 0.368. Toa. Thelathini na nne. Opampu ilikuwa inatamani kufika volti 4.02 ili zilingane na haina pa kuzitoa.

Maana volti zenyewe iliyopewa ni 5.04, na LM358 haiwezi kupanda mpaka ikaifikia sapulai yake, yani umeme unaoilisha. Inaacha kama volti moja na nusu hivi. Ukitoa 3.68 kwenye 5.04 unapata 1.36, ndo hapo. Nilivyorudi nikafungua datashiti kwenye mchoro wa ndani nikaona kabisa kwanini, upande wa juu wa kutolea kuna transista mbili zimebebana, kila moja inakula kama volti 0.7, na juu yao kuna chanzo cha karenti nacho kinataka kiasi chake kidogo. Sio ubovu. Ndo imeumbwa hivyo, na imeandikwa, na mi nilikuwa nayo hiyo PDF kwenye simu.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Shuleni opampu tunaichora pembetatu. Alama ya kutoa, alama ya kujumlisha, mstari wa kutokea, basi. Miguu ya umeme hatuchori, mwalimu anasema chukulia ipo. Ukichora pembetatu isiyo na umeme miaka mitatu, unaanza kuamini volti zinatoka kwenye hesabu. Ukizidisha 0.402 kwa kumi unapata nne, daftari halijawahi kukuuliza hiyo nne unaitoa kwenye mfuko wa nani. Yule mzee kwake kitu cha kwanza ni sapulai, kwasababu redio ikija imekufa kitu cha kwanza ni sapulai. Aliniambia enzi zao wakitumia 741 (ile IC ya zamani, ilitoka 1968 na mpaka leo inauzwa) walikuwa wanailisha pande mbili, jumlisha 15 na toa 15, kwahiyo volti mbili za kupotea juu na chini nani anajali. Sisi tumekuja na chaja za simu za volti 5, tumechukua michoro yao na geini zao, nafasi ya juu hatujaichukua.

Kulikuwa na kosa la pili limejificha nyuma ya la kwanza. Hata ingizo za LM358 zina mwisho wake, chini zinaenda mpaka graundi bila shida, ndo uzuri wake, ila juu zinaishia kwenye ileile sapulai toa volti moja na nusu. Kwa volti 5 hiyo ni 3.5. Na mi opampu ya pili nilikuwa naiambia ilinganishe kwenye 3.75. Yani hata kama ya kwanza ingefika, ya pili ingekuwa inasoma nje ya ukurasa.

Kurekebisha kulikuwa na njia tatu. Moja, kupunguza geini, ukiweka 39 juu na 10 chini unapata 4.9, nyuzi 37.5 inakuwa volti 1.84, umekaa katikati kabisa, na kama una haraka fanya hii. Mbili, kutafuta opampu inayofika karibu kabisa na sapulai juu na chini, kama MCP6002, ila mi sikuipata hapa mjini na kusubiri mzigo kutoka Kariakoo sikuwa na uso wa kumwambia mama mdogo. Tatu, kuongeza sapulai. Nikachukua ya tatu kwasababu nilikuwa na adapta ya rauta ya volti 12 imekaa bure, LM35 inakubali mpaka 30, rilei nikabadilisha ya volti 12, na kile kijiti cha volyumu nikakilisha kutoka kwenye 7805 (IC ya kushikilia volti 5) ili 3.75 yangu isicheze adapta ikicheza. Tahadhari moja tu, kama mguu wa kutolea unaenda kwenye Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) usifanye hivi kienyeji, ile inataka 5 mwisho, na opampu ya volti 12 inaweza kuipelekea kumi.

Nikapasha. 3.6, 3.7, 3.75, TAK. Nikaendelea kupasha kwa makusudi, 4.0, 4.5, 5.2. Kati ya mguu wa 2 na wa 3, milivolti 2. Nikampigia mzee simu, akaniuliza tena kama nina sabufa.

Hizo milivolti 2 zenyewe usizidharau. Ni ofseti ya IC, tofauti ndogo iliyozaliwa nayo kati ya ingizo zake, LM358 ya kawaida inaruhusiwa hadi 7, na ukikuza mara kumi hizo 7 zinakuwa 70, kwenye saketi yangu ni nyuzi 0.7. Kwa mayai 0.7 ni nyingi. Kwahiyo hesabu ikisema 3.75 usiseti kwa hesabu, seti kwa kipimajoto kinachoaminika ndani ya boksi. Yangu imeishia kwenye 3.77.

Shida ndogo ikabaki, rilei ikifika kwenye mpaka inalia tatatatata kama cherehani, maana joto likitikisika kidogo tu inabadili uamuzi. Rizista ya mega-omu 2.2 kutoka mguu wa 7 (wa kutolea wa opampu ya pili) kurudi mguu wa 5 (ingizo lake), na kilo-omu 10 kati ya volyumu na huo mguu wa 5, ikatulia. Sasa kati ya kuzima na kuwasha kuna kama nusu nyuzi.

Sasa dogo wa juzi. Yake alikuwa amejenga ile ya kugeuza, chanya ikiingia inatoka hasi, geini kumi, anaingiza 0.2 anategemea apate toa 2. Anapata sifuri na vimilivolti kadhaa. Nikamuuliza mguu wa 4 umeuweka wapi, akasema graundi. Nikamwambia pima mguu wa 2, unatakiwa usome sifuri. Akasoma 0.18. Nikamwambia sasa hiyo toa 2 unataka iitoe wapi na chini ya graundi hujaipa kitu? Akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema "lakini kwenye simuleta ilikubali". Nikafungua hiyo simuleta yake, programu ya kujaribia saketi, opampu ni pembetatu, haina miguu ya umeme.

Mama mdogo alinisamehe lakini kwa masharti. Raundi ya pili hakunipa mayai 30. Alinipa 12, na mengine 12 akamwekea tetea wake mmoja mweusi siku hiyohiyo, akasema tuone. Siku 21 zikapita, umeme ukakatika mara mbili tukawa tunafunika boksi kwa blanketi. Tetea alitoa vifaranga 11. Mashine 9. Nimemuomba mayai 20 kwa raundi ijayo, kasema atanijibu.